Shemeji, Vipi Huko

Mtu wa mwisho kula ngumi ya Spana ndani ya ua wa kiwanda kile alikuwa kigogo wa wizara, mwenye suti ya rangi ya majivu na kofia ngumu iliyokuwa bado na stika ya dukani. Alisema neno moja tu, "safi," akampigapiga mama wa watu begani kama anayesifia ng'ombe mnadani, na kabla mkono haujarudi mfukoni alikuwa chini, anatafuta jino lake kwenye kokoto. Walinzi walipomrukia Spana hakupigana nao. Alinyoosha mikono afungwe pingu, akasema, "Nilishaonya."

Kweli alishaonya. Ndani ya ua ule kila mtu alijua kwamba ukiulizwa hali unajibu "nipo," au "naendelea," au hata "sijafa bado," lakini hujibu "safi." Wageni waliambiwa getini, pamoja na habari za kuzima simu na kuacha viberiti. Kigogo naye aliambiwa, ila wakati anaambiwa alikuwa anapigwa picha.

Sasa ili umwelewe mwanamke anayemng'oa jino mtu wa serikali kwa neno la sifa, lazima tuanzie kwenye mikono yake.

Baba yake Spana alikuwa mchinjaji wa machinjioni, na alikuwa mtu wa kuleta kazi nyumbani. Mama yake alirusha sufuria, tena kwa shabaha. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa anajua kilichopikwa kwa mlio wa kilichorushwa. Mtoto wa kike wa nyumba ile alijifunza kuinama kabla ya kutambaa, na alipokua akagundua kwamba kuna raha yake kuwa upande wa pili wa kipigo. Shuleni alivunja pua. Chuoni, siku ya kwanza kwenye karakana ya mabomba, vijana walimfichia ovaroli yake wakasema akajaribu ushonaji. Hakubisha. Alichukua spana ndefu kuliko zote ukutani, akafunga mlango kwa ndani. Ulipofunguliwa ovaroli ilikuwa imepatikana, imekunjwa, na yeye alikuwa na jina jipya ambalo hata mama yake mwishowe alilikubali.

Kitu kimoja tu duniani alikipiga kwa mapenzi, nacho ni mdogo wake wa kiume, Kijiti. Jina linatosha kukueleza umbo. Mama yao alipokuwa anakata roho alimvuta Spana sikio mpaka kichwa kikagusa mto, akamwambia, "Huyu asikutangulie. Akikutangulia, mimi nakusubiri huko na sufuria." Halafu akafa, na sufuria zake akawaachia.

Basi Spana alimlinda mdogo wake kwa njia aliyoijua. Kijiti alipojiunga na vijana wa kukimbiza pikipiki, dada mtu alikwenda kijiweni kwao akaikunja pikipiki rimu zote, na mwenye pikipiki akakunjwa kidogo. Kijiti alipopata kibarua kwenye machimbo ya mawe, kwa watu wa baruti, alirudishwa nyumbani akiburutwa kwa kola huku msimamizi wa machimbo ameshika taya. "Dada, utaniua wewe," Kijiti alikuwa akilia. "Afadhali mimi," Spana alimjibu, "kuliko mgeni."

Katikati ya hayo Spana aliolewa. Mume alikuwa fundi wa chumba cha kuongozea mitambo, mrefu, masikio makubwa, aliyeitwa Antena kwa sababu alinasa kila kitu na kukirusha palepale. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na mdomo usiojua kupumzika: akiota ndoto usiku, asubuhi kazini wanaijua, na aliyeotwa anajua alikuwa amevaa nini. Spana alivumilia mpaka siku aliyokuta mafundi wanajadili kovu lililo mahali ambapo fundi hapaswi kupajua. Jioni ile alimkamata Antena amtoe nje, Antena akang'ang'ania mlango, Spana akavuta, bawaba zikaachia, na mume na mlango vikatua uani kwa pamoja. Ndoa ilivunjika pamoja na mlango. Uliorudishwa ni mlango.

Tangu hapo neno "shemeji" likawa haramu kwa Kijiti. Alilisema mara moja kwa mazoea, mezani, akala kofi, akameza kijiko nusu. Kwa kuwa wote watatu walikuja kufanya kazi kiwanda kimoja, Kijiti alizoea kumwita mume wa zamani wa dada yake "Kontroo," kama wafanyakazi wengine walivyokiita kile chumba, na Antena akazoea kuitikia, ingawa waliokaa naye walisema kila akiitwa hivyo masikio yalikuwa yanashuka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kupasua maji. Unachukua maji, unayapiga umeme mpaka haidrojeni na oksijeni zinaachana, kama ndoa ya Spana tu ila bila mlango. Oksijeni inakwenda zake. Haidrojeni inaingia kwenye bomba, inapita chini ya barabara, inatokea kiwanda cha mbolea cha ng'ambo. Wenye mbolea miaka yote walikuwa wanajitengenezea haidrojeni yao wenyewe kutokana na gesi ya ardhini, na moshi wake unaufahamu ukianika nguo nyeupe. Ile ya moshi ilikuwa rahisi. Hii ya maji na jua ilikuwa ghali kuizidi kwa mbali. Bosi wa mbolea akasema, shusheni bei ninunue nyingi. Bosi wa maji akasema, nunua nyingi nishushe bei. Wakabaki hivyo, watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe," na mvua inawapiga wote.

Ndipo serikali ikajipenyeza katikati. Ikasema: ile tofauti ya bei tutaifidia sisi kwa miaka ya mwanzo, mpaka mitambo iongezeke, mafundi wazoee, na bei ishuke kwa miguu yake. Masharti mawili. La kwanza, gesi iwe safi kwelikweli, yaani umeme uliopasua maji uwe wa jua la saa ileile, siyo umeme wa makaa ya mawe wa usiku uliofichwa nyuma ya jua la mchana. La pili, gesi iwe imemfikia mnunuzi kabla mwaka wa bajeti haujafungwa; atakayechelewa apange foleni ya mwaka ujao, kama fungu bado litakuwepo. Sharti la kwanza lilitungwa na mtu anayefikiri. La pili lilitungwa na mtu mwenye kalenda.

Mkurugenzi wa kiwanda wafanyakazi walimwita Awamu ya Pili. Ukimuuliza bima, awamu ya pili. Ukimuuliza buti mpya, awamu ya pili. Na maji, ambayo mpango ulisema yatatoka kwenye majitaka ya mji yaliyochujwa upya, nayo yakawa awamu ya pili. Awamu ya kwanza wakachomeka bomba lao kwenye bomba kuu la mtaa.

Spana aliona kiwanda kile kama jibu la dua. Hakuna baruti, hakuna pikipiki, na kila ubao getini umeandikwa "nishati safi." Akamwingiza Kijiti kwenye timu ya vali. Alimkabidhi kwa msimamizi akiwa amemshika shingo. "Huyu ni wa mama yangu," alisema. "Akirudi na mkwaruzo nauliza mtu mmojammoja."

Haukupita muda mrefu mabomba ya mtaa yakaanza kukohoa, kisha yakanyamaza. Watu walikuja getini na ndoo. Wiki iliyofuata walikuja na ndoo zenye mawe. Hiyo ndiyo siku ambayo Kijiti, aliyetumwa kufunga geti dogo, alipigwa jiwe la paji la uso akadondoka upande usio wa kwao, na miguu ya watu wenye kiu ikaanza kumpitia. Walinzi walirusha moshi wa machozi, upepo ukaurudisha kwao wenyewe. Mwanamke mmoja alimtwanga mlinzi kwa ndoo ya bati mpaka ndoo ikachukua sura yake. Mlinzi mwingine alimkata kijana kirungu cha mkono, na ule mlio wa mfupa ukasikika hadi juu ya tangi. Spana alikuwa upande wa pili wa ua, juu ya ngazi, anaona kila kitu na hawezi kufika. Aliruka kutoka ngazi ya katikati akateguka kifundo, akaja anatambaa, anatukana.

Aliyefika ni Antena. Alitoka kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, na shati lake jeupe, akapita katikati ya mawe ameinamisha ule urefu wake wote kama mtu anayetafuta funguo, akamlalia Kijiti kwa juu. Mawe yaliyobaki aliyapokea kwa mgongo. Halafu akamvuta kwa mikanda ya ovaroli mpaka chini ya lori, akakaa naye pale, damu ya mmoja inamchuruzikia mwingine, mpaka uwanja ukatulia.

Spana alipofika hakumshukuru. Alimtazama, akatazama shati, akasema, "Shati limeharibika," na kumnyanyua mdogo wake. Antena alijibu kwamba shati anazo nyingine. Mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu siku ya mlango yakaishia hapo.

Lakini Kijiti alikuwa amelala chini ya lori na kifua cha mtu yule, na alikuwa amesikia moyo wake ukidunda. Nyumbani, wakati anafungwa kitambaa kichwani, alijaribu. "Dada, yule mtu sasa nimwite nani?"

"Mwite Kontroo."

"Kontroo ni chumba, dada."

"Na wewe ni kijiti. Kaa kimya nifunge."

Kijiti aliamua tu moyoni kwamba atalirudisha lile neno kimyakimya, siku ambayo dada hayupo karibu.

Siku yenyewe ikawa ile ya mwisho ya mwaka wa bajeti.

Asubuhi Awamu ya Pili alisimama juu ya kreti akawaambia mafundi kwamba gesi lazima ivuke barabara kabla ya jua kupungua, kwa sababu jua likipungua umeme si safi, na leo ikipita fidia imepita, na fidia ikipita kila mtu aanze kutafuta kazi. Kwa hiyo karatasi za vibali, zile za saini nyingi, leo tuziweke pembeni. Mawasiliano yawe ya redio. Kwa mdomo. "Sisi ni watu wazima," alisema, "tunaelewana."

Niseme jambo moja la kazi, halafu nitakuacha. Haidrojeni haiwekwi kwenye bomba lenye hewa ya kawaida. Ikikutana na hewa humo ndani inangoja cheche tu, hata ya chembe ya kutu inayogonga chuma. Kwa hiyo kwanza unapitisha naitrojeni, gesi isiyopenda ugomvi na mtu, isukume hewa yote nje. Aliye kwenye chumba cha mitambo anasoma kipimo. Hewa ikiisha, anamwambia wa kwenye vali: laini safi. Hapo ndipo vali inafunguliwa.

Kijiti alikuwa kwenye vali. Antena alikuwa kwenye kipimo. Naitrojeni ilikuwa imekwenda lakini haijamaliza. Spana alikuwa chini ya daraja la mabomba, umbali wa kutupa jiwe, anakaza flenji, kiungo cha bomba kilichokuwa kinavuja, na redio yake ikiwa kiunoni imewashwa. Alisikia sauti ya mdogo wake, nyepesi, yenye tabasamu ndani yake.

"Shemeji, vipi huko?"

Mkono wa Spana ulisimama kwenye boliti. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba leo nyumbani mtu atameza kijiko kizima.

Halafu sauti ya Antena, iliyopanda kama ya mtu aliyefunguliwa mlango:

"Safi, shemeji. Safi kabisa."

Spana alielewa wakati uleule. Alielewa kwa sababu alijua kitu ambacho Kijiti hakukifikiria: kwamba yule mwanaume hakuwa ameitwa hivyo tangu jioni ya mlango, na mtu aliyekaa muda wote ule bila salamu, akiipata hasikii kazi, anasikia salamu tu. Alifungua mdomo kwenye redio. Kijiti alikuwa ameshafungua vali.

Bomba lilipasuka kwenye kiungo cha karibu na vali kwa mlio uliokata sauti zote nyingine. Daraja la mabomba liliruka na kurudi. Kofia ngumu, vipande vya chuma, kiatu. Spana alitupwa ukutani akaanguka kifudifudi, akainuka na mdomo umejaa mchanga na masikio yanalia mluzi. Alipotazama kwenye vali hakuona moto. Aliona mdogo wake amesimama, anajipigapiga mwili kama mtu aliyevamiwa na nyuki, na ngozi ya uso wake inabadilika rangi, na hakuna mwali hata mmoja.

Ndivyo ulivyo moto wa gesi ile mchana wa jua. Hauonekani. Unaunguruma tu. Fundi mmoja alikimbia kwenda kumsaidia, akasimama ghafla kama aliyegonga kitu hewani, akarudi nyuma akipiga yowe, mkono wake umewaka hadi kwenye kiwiko na haujulikani umewashwa na nini.

Spana aliufuata ufagio. Kila kona ya ua ule palining'inizwa ufagio wa majani wenye mpini mrefu, na wageni walidhani ni usafi. Aliushika kwa mbele kama mtu anayetafuta nyoka gizani, akaanza kutembea. Ufagio ukashika moto peke yake, hewani, kwenye urefu wa kifua. Akauteremsha, ukawaka kwenye kiuno. Akaushusha chini kabisa, haukuwaka. Akalala tumbo, akatambaa chini ya kitu asichokiona, huku nywele zake zikinuka na mgongo wa ovaroli ukikakamaa, akamkamata Kijiti kifundo cha mguu, akamwangusha kama alivyomwangusha mara nyingi utotoni. Akamvuta. Ngozi ya mguu ilimbaki mkononi. Akashika juu zaidi, akavuta tena. Viganja vyake vilikuwa vinaungua kwa ovaroli ya mdogo wake na hakuviachia. Wakati huo muungurumo ukakatika. Kuna mtu kule chumbani alikuwa ameshafunga gesi yote ya kiwanda.

Walimpakia Kijiti kwenye pikapu. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Kwa lile lingine alimtafuta dada yake, akamwona.

"Dada. Alisema safi."

"Nyamaza."

"Mimi nilimuuliza, akasema safi."

"Najua. Nimesikia. Ukifa nitakuchapa."

Pikapu ikaondoka. Spana alitaka kupanda, hakukuwa na nafasi, palikuwa na majeruhi wengine. Alibaki amesimama na viganja vyake mbele, kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji anawe. Ndipo aliposikia vishindo vya chuma.

Mafundi walikuwa kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Kila mmoja pale alikuwa amesikia redio. Mchomeleaji mmoja mnene, ambaye kaka yake ndiye aliyeungua mkono, alikuwa anaongoza wenzake wanabomoa mlango kwa kipande cha bomba, na mlango ukaachia. Mlango na Antena, walishazoeana. Walimtoa kwa masikio yale makubwa, moja likachanika. Walimwangusha. Buti ya kwanza ilimvunja taya, ya pili ilimpata mbavuni, na mtu akaanza kuuliza nani ana petroli, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza nani ana kalamu.

Walipomwona Spana walimpisha. Wakatengeneza njia.

"Dada, mwanzo ulipaswa kuwa wako," alisema Mchomeleaji, akihema. "Tumemlainisha tu." Akampa lile bomba.

Spana alilipokea. Viganja vilivyoungua vikanata kwenye chuma. Alisogea mpaka juu ya mwanaume aliyewahi kulala naye kitanda kimoja. Antena hakujikinga. Alikuwa analia, na damu inatoka sikioni inaingia mdomoni, na taya lake haliendi sawa, kwa hiyo maneno yalitoka yamepinda. Lakini kila mtu aliyasikia.

"Aliniita shemeji," alisema. "Mimi nilidhani ananisalimia."

Mwanamke yule alikuwa amepiga watu maisha yake yote, na hajawahi kusita kabla ya kupiga. Alisita. Aliona kijiko kilichomezwa mezani. Aliona Kijiti anafungwa kitambaa, anauliza nimwite nani. Kama angemwacha mtoto amwite mtu yule shemeji kila siku, lile neno lingekuwa limechuja kama maneno mengine, na leo lingepita redioni bila mtu kuruka kwa furaha. Hakuna aliyemwambia hayo. Aliyaona tu yamepangana.

"Maliza, dada," alisema Mchomeleaji.

Spana aligeuka akampiga Mchomeleaji.

Alimpiga kwa bomba, la goti, kwa sababu mtu mnene ukimpiga goti hana pa kwenda. Wa pili alikula kiwiko cha koo. Hawakuelewa kwa muda, na huo muda aliutumia vizuri: alivunja kidole, akang'oa kofia ya mtu akampiga nayo mwenyewe. Walipoelewa, walimrudi. Walikuwa wengi, wamejaa hofu na hasira ya watu waliobaki hai, na walimpiga kama wanavyopigwa wezi. Alipoteza meno mawili. Mbavu zilipasuka upande wa kushoto, alizisikia. Kila alipoanguka alianguka juu ya Antena, makusudi, mgongo juu, kama alivyoona mtu mwenyewe akifanya chini ya mawe. Na kila aliyeinama kumng'oa pale aling'atwa.

"Mnamtaka huyu," alisema, kwa mdomo uliovimba, "na yule aliyeweka karatasi pembeni mmemwacha ofisini anakunywa maji."

Baadhi waligeuka kutazama ofisi. Kupitia kioo, Awamu ya Pili alikuwa anafunga mapazia. Kundi likakatika katikati. Hakuna aliyeomba petroli tena kwa ajili ya Antena, na gari la mkurugenzi lilitoka kwa geti la nyuma bila vioo.

Kijiti hakufa. Alilala hospitali mpaka wauguzi wakamzoea kama kabati. Alipotoka alikuwa na jicho moja linaloona vivuli, na sauti ya msasa, na uso ambao watoto wanautazama mpaka mama zao wawavute. Mama yao aliendelea kusubiri na sufuria yake, bure.

Fidia ya mwaka ule ilipita. Wenye mbolea waliendelea na gesi yao ya moshi. Awamu ya Pili alihamishwa, bila shaka awamu ya kwanza. Tume ilikuja ikaandika kwamba ni kosa la mtu mmoja chumbani. Wafanyakazi, akiwemo Mchomeleaji na fimbo yake, waligoma hadi tume ikarudi ikaandika upya. Na mwaka uliofuata serikali ikaondoa ile tarehe. Sasa fidia ingehesabiwa tangu gesi inapofika, hata ifike lini. Wenye ndoo nao walipiga tena mawe, kwa hiyo mtambo wa kuchuja majitaka ukajengwa kwanza.

Gesi ilipokuwa tayari kuvuka upya, hakuna aliyetaka kushika vali. Spana alishika. Vidole vyake havikuwa vinakunjika vizuri, ila kwa vali vilitosha, na kwa mambo mengine pia, kama tulivyoona. Chumbani alikaa Antena, taya limeungwa kwa waya. Walikuwa wameweka lugha mpya: jina la kazi, swali la kazi, na bomba lililo tayari linaitwa tupu.

"Vali kwa Kontroo. Laini?"

"Bado. Subiri."

Alisubiri. Watu wa suti walitazama saa. Spana hakutazama.

"Kontroo kwa Vali. Laini tupu. Narudia, tupu."

"Nimesikia tupu."

Akafungua. Chuma kikavuma kidogo, kikanyamaza. Ng'ambo ya barabara mtu alipunga kitambaa: imefika. Spana alikuwa bado hajaiachia vali. Ndipo kigogo alipomjia kwa nyuma, akampigapiga begani, akasema lile neno. Yaliyofuata unayajua. Cheti cha gesi kilitolewa vilevile, na neno lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Kituoni walimweka nyuma ya vyuma. Mchana uleule waliingia watu wawili: mrefu mwenye sikio lililoshonwa, na mwembamba wa uso ulioungua, mkono juu ya bega la mrefu, anaongozwa. Polisi wa kaunta aliwatazama.

"Nyie ni nani kwa mtuhumiwa?"

"Mimi mdogo wake," alisema Kijiti.

"Na wewe mrefu?"

Antena alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema Kijiti.

Antena alirudi nyuma, mkono mbele ya taya. Polisi hakujua kwa nini, naye akarudi nyuma kidogo. Spana alikuwa amesimama kwenye vyuma. Alitazama ngumi yake, ambayo tayari ilikuwa imejikunja kwa mazoea, akaifungua kidole kimojakimoja.

"Andika hivyo," alisema. "Shemeji wa mdogo wangu."

"Kwa hiyo ni mume wako."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Sasa mama, atakuwaje shemeji wa mdogo wako bila kuwa—"

"Andika ulichoambiwa," alisema Spana, "au ingia huku ndani nikushike mkono tuandike pamoja."

Polisi akaandika.